Mtoto anayelia akiona wageni: barua kwa mwanangu

Pasua, Moshi

Mwanangu Neema,

Marahaba. Juzi kwenye simu uliniuliza kama Abeli, anayeangua kilio kila mgeni akimsogelea, amerithi woga wa marehemu babu yake, au wewe ndiye unayemharibu kwa kumbeba kutwa nzima.

La kumbeba lisikusumbue. Mtoto wa miezi minne hadeki. Kule Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 wa vituo vya yatima, ambako mlezi mmoja alihudumia wengi. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kulelewa kwenye familia. Wakashikamana na walezi wao kuliko wenzao waliobaki vituoni, hasa wale waliotoka mapema. Mtoto anahitaji mtu wake. Mbebe.

Kurithi nako kupo. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonyesha watoto wa umri huohuo wa Abeli vitu vya rangi vikining'inia mbele yao, akawasikilizisha sauti ngeni. Kama mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu, akakunja mgongo, akalia. Wengi wa hao, walipofikia miaka miwili, waliogopa watu wageni kuliko wenzao. Hakuna aliyewaharibu; walizaliwa wepesi wa kushtuka. Ila walipokua, wachache tu ndio waliobaki na woga mkubwa.

Shangazi zako watakuambia maji hufuata mkondo. Wasikutishe. Ni kweli mapacha wa yai moja waliotenganishwa wakiwa wachanga, waliochunguzwa Minnesota, Marekani, kuanzia 1979, walifanana sana tabia. Watu wakisikia kwamba karibu nusu ya tofauti za tabia zinatokana na kurithi, wanadhani nusu ya mtoto ni babu na nusu ni malezi. Sivyo. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini watu wengi wanatofautiana, haimgawi mtu mmoja vipande. Wala hakuna jeni moja la woga ambalo babu alimwachia Abeli. Ni jeni nyingi mno, kila moja ina mchango mdogo, na kila mimba huzichanganya upya. Wewe na kaka yako mmetoka tumbo moja: yeye alimsalimia kila kondakta wa stendi, wewe ulishika upindo wa kanga yangu sokoni Mbuyuni mpaka unakunjamana.

Sikukuvuta, wala sikuacha kwenda nawe. Nilikupa sarafu, nikasimama nyuma yako mbele ya muuza nyanya yuleyule. Mwanzoni uliniegemea miguuni, ukaitupa sarafu mezani bila kumtazama. Baadaye ulimpa mkononi. Siku moja nikakusikia unamdai nyongeza.

Basi wageni wakija, usimtie Abeli mikononi mwao. Mpakate, piga nao soga, mwache awatazame weee mpaka achoke. Lakini usikimbilie naye chumbani kila anapokunja uso, maana hapo hapati nafasi ya kuzoea. Mama mkwe wako naye mwambie kwa heshima: akae kwanza, amchukue baadaye.

Mimi nikija Desemba atakuwa anatambaa, na kwake nitakuwa mgeni kama wengine. Akilia asinijie, usimlazimishe wala usione aibu. Nitakuwa jikoni nakupikia mtori.

Mama yako