Yadi 60 zake, mbona hachezi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Timu ninayoishabikia NFL, ligi ya soka la Kimarekani, ina wakimbiaji watatu, wale wanaobeba mpira na kukimbia nao, wanaogombea namba moja. Kijana mgeni alichanja mbuga yadi 60 kwenye mechi ya kujipima, lakini kocha kamwanzisha mkongwe anayepata yadi tatu, nne. Hii ni haki kweli, au kuna kitu sikioni?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kipo. Rudia mechi ile, ila safari hii usiufuate mpira. Mtazame kijana pale kwotabeki, yule mrushaji wa timu, anapobaki nao akitafuta wa kumrushia. Mlinzi wa wapinzani akipenya katikati, nani anamzuia? Mara nyingi ni mkimbiaji. Lazima amtambue mapema na kumkabili kifua kwa kifua. Akizubaa mara moja tu, kwotabeki anazolewa, na pengine msimu wake unaishia hapo. Mimi ningekuwa kocha nisingethubutu.

Hizo yadi tatu, nne nazo usizidharau. Timu ina majaribio manne ya kufikisha yadi 10, na anayekupa nne bila kudondosha mpira anakurahisishia jaribio linalofuata.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Terrell Davis. Mwaka 1995 Denver Broncos walimchagua raundi ya sita ya uteuzi wa wachezaji wapya, akiwa wa 196, na kambini alikuwa nyuma kabisa ya foleni. Kilichomfungulia mlango si mbio. Kwenye mechi ya kujipima na timu ya 49ers huko Tokyo alipangwa na wale wanaoukimbilia mpira wa kuanzia, akamwangusha aliyeudaka kwa kishindo kikubwa. Makocha wakaanza kumwangalia kwa jicho jingine. Msimu huohuo akakimbia yadi 1,117, na mwaka 1998 akafika 2,008! Kila nikilikumbuka tukio lile nasisimka.

Kwa hiyo kijana wako asione haya kuanzia huko. Kambini huingia watu 90, wanabaki 53, na mkimbiaji wa tatu asiyejua kuangusha mtu hukatwa mapema. Tena namba moja si lazima iwe ya mmoja: mwaka 2023 Detroit Lions waliwagawia kazi David Montgomery, aliyepata yadi 1,015, na mgeni Jahmyr Gibbs, 945.

Mfuatilie katikati ya msimu. Ukiona wanamwacha uwanjani jaribio la tatu, yadi zimebaki nyingi na kila mtu anajua mpira utarushwa, ujue kocha ameshamwamini.