Maswali na Majibu: Vifaa vya Kale vya Reli za Mfano

Wengi wa waliotuandikia safari hii hawaulizi juu ya treni za mfano zenyewe, bali juu ya vitu vinavyozizunguka: stesheni, nguzo za ishara, matangi ya maji, miti na watu wa kusimama kwenye jukwaa. Mimi naona wana haki, kwa kuwa treni hupita tu, lakini stesheni ndiyo inayomwambia mtazamaji yuko wapi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Majengo, Moshi. Marehemu baba yangu aliachiwa na mwajiri wake wa zamani kasha lenye stesheni ya bati, nguzo mbili za ishara na taa za treni ya kuchezea. Rangi imebanduka sehemu nyingi, na mjukuu wangu anataka tupake upya. Nifanyeje?

Shikamoo, Mwalimu. Tafadhali mzuie mjukuu. Wakusanyaji wa vifaa hivi huthamini rangi ya kiwandani, hata iliyochakaa, kuliko rangi mpya inayong'aa, na rangi mpya ikishapakwa haiondoki bila kuondoka na ile ya zamani. Stesheni nyingi za bati hazikupakwa rangi kwa brashi. Matofali, madirisha na mabango yake yalichapwa moja kwa moja juu ya bati, kwa hiyo tina au petroli inaweza kufuta kwa dakika moja kile kilichodumu miaka mingi. Tumia brashi laini kuondoa vumbi, kisha kitambaa chenye unyevu mdogo sana, ukianza kujaribu upande wa chini usioonekana. Penye kutu weka tone la mafuta ya cherehani na ufute. Usipige msasa kamwe, kwa sababu rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Baada ya hapo geuza kila kifaa usome maandishi ya chini. Ukikuta jina la Meccano Ltd, Liverpool, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni Hornby, iliyoanza kutengeneza treni mwaka 1920. Ukikuta Märklin, hicho kilitoka Göppingen, Ujerumani. Maandishi yanayotaja ukanda wa Marekani nchini Ujerumani yanaonyesha kwamba kifaa kilitengenezwa katika miaka michache iliyofuata Vita Kuu ya Pili, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya majeshi ya washindi.

Kagua pia vipande vizito vya kijivu vilivyomiminwa kwenye kalibu, kama vile vitako vya taa. Kabla ya vita hiyo, aloi ya zinki mara nyingi ilichanganyika na risasi kidogo kwa bahati mbaya, na uchafu huo huifanya ivimbe, ipasuke na hatimaye imeguke yenyewe. Hali hiyo haina tiba, ingawa haiambukizi vifaa vingine. Weka kipande cha namna hiyo mahali pakavu, kipige picha na kukipima kingali kizima, ili mjukuu, ambaye naona mikono yake inatafuta kazi, atengeneze nakala yake kwa kadibodi au bati.

Naishi Sakina, Arusha. Nataka kujenga stesheni ya Kahe kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kiwe kidogo mara 87 kuliko cha kweli, na nimekwisha kununua reli zenye upana wa milimita 16.5. Rafiki yangu anasema nimenunua zisizofaa. Je, ni kweli?

Rafiki yako amesema kweli. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, ina upana wa mita moja kati ya reli na reli. Ukigawanya milimita 1000 kwa 87 unapata takriban milimita 11.5, na iliyo karibu zaidi katika zinazouzwa ni reli ya milimita 12, ambayo ndiyo hutumiwa na wajenzi wa Ulaya wanaoiga reli za mita moja. Hiyo nusu milimita inayozidi hakuna jicho litakaloiona. Reli zako za 16.5 ni za upana wa milimita 1435, yaani upana wa SGR, kwa hiyo zihifadhi kwa siku utakapotaka kuiga treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma.

Kahe ni chaguo zuri, kwa kuwa ndipo njia ya Voi, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilipoungana na njia ya Tanga, na makutano humpa mjenzi vitu vingi vya kutengeneza. Amua kwanza ni mwaka gani unaouiga. Stesheni ya mwaka 1935 inahitaji tangi la maji kwa ajili ya vichwa vya mvuke. Haiwezi kuwa na mnara wa simu wala tangi jeusi la plastiki, na nimeona kazi nzuri sana zikiharibiwa na tangi hilo.

Vipimo usivitafute kwenye intaneti. Nenda stesheni, omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, na usikanyage njia ya reli, kwani treni zimerejea. Chukua fito ya mita moja uliyoipaka rangi nyeupe na nyeusi kila sentimita 10, iegemeze ukutani, kisha upige picha ukiwa umesimama mbele ya ukuta huo moja kwa moja. Kutoka kwenye picha hiyo utapata kimo cha mlango, upana wa dirisha na urefu wa paa, na kila namba utaigawanya kwa 87. Mtu wa mita 1.70 atakuwa na kimo kisichofika milimita 20. Mweke mlangoni kabla ya kubandika chochote, na macho yatakuambia kama mlango umekosewa.

Nitapataje mabati ya mikunjo kwa paa la stesheni ndogo? Kadibodi ya boksi ina mikunjo mikubwa mno. (Msomaji, Unga Limited, Arusha)

Ni kweli, kadibodi ya boksi haifai. Mkunjo wa bati la kawaida una upana wa milimita 76, ambayo kwa 1:87 inakuwa kama milimita 0.87. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue fito ya nati, ile ya chuma yenye uzi kama wa skrubu, yenye unene wa milimita 5. Hatua ya uzi wake, yaani umbali kati ya mstari mmoja wa uzi na unaofuata, ni milimita 0.8, na tofauti hiyo inavumilika. Laza karatasi nene ya alumini, ile ya vyombo vya kufungia chakula, juu ya soli ya ndala kuukuu, kisha viringisha fito juu yake ukikandamiza kwa nguvu zilezile tangu mwanzo hadi mwisho. Mistari itatoka imeinama kidogo, kwa sababu uzi wa fito nao umeinama, kwa hiyo kata vipande ukifuata mistari yenyewe na si ukingo wa karatasi.

Usifunike paa zima kwa kipande kimoja, kwani hakuna fundi anayeezeka hivyo. Bati la mita 3 huwa na urefu wa milimita 34 hivi; kata mabati mojamoja, anza kubandika chini kwenye ukingo wa paa ukipanda juu, na kila safu ilalie ile ya chini yake. Kutu itokee kwenye maungio na penye misumari kwanza, si kutapakaa kila mahali.

Nimeletewa transfoma ya treni za kuchezea za Lionel kutoka Marekani. Naweza kuichomeka ukutani?

Hapana. Imetengenezwa kwa volti 120 hivi, na umeme wetu ni volti 230. Itaungua, na pengine si yenyewe tu. Hata ukipata kifaa cha kushusha volti, mpira wa nyaya za miaka hiyo huwa umekauka na kupasuka. Iweke kabatini kama pambo, na vifaa uviendeshe kwa transfoma mpya inayotoa volti 12 hadi 16 za umeme geu (AC), kwani vifaa vingi vya Lionel vya zamani vilitengenezewa umeme wa aina hiyo.

Muuzaji ananihakikishia kwamba nguzo ya ishara anayoniuzia ni ya mwaka 1925 na haijaguswa. Nitajuaje?

Anza na skrubu. Kama zinafunguliwa kwa bisibisi ya nyota, basi imeguswa, kwa kuwa skrubu za Phillips zilianza kuenea mwaka 1936. Hilo halifanyi nguzo kuwa bandia, ila linaondoa neno "haijaguswa", na bei nayo ishuke.

Je, mchanga mweusi wa kwetu unafaa kuwa kokoto za reli? Na migomba nitaitengenezaje? (Msomaji, Kibosho)

Mchanga wenye asili ya volkano una rangi nzuri, lakini mara nyingi una chembe zinazovutwa na sumaku, na mota ya kichwa cha treni ina sumaku ndani. Chembe zikiingia humo mota huharibika. Funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki na uipitishe mchangani mara kadhaa. Ukiona inaendelea kutoka na manyoya meusi, mchanga huo uutumie kwenye barabara za vumbi na mbali na njia. Uliopona usafishe kwa maji, ukaushe, uchekeche kwa chujio la chai, kisha uubandike kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu na tone la sabuni ya vyombo, ambalo huifanya gundi izame badala ya kusimama juu kama matone.

Kwa kipimo cha 1:87, mgomba wa mita 4 una kimo cha milimita 46. Paka karatasi nyembamba rangi ya kijani pande zote mbili, bandika uzi mwembamba wa shaba katikati uwe uti wa jani, kata jani lenye urefu wa milimita 20 hivi, kisha lichane pembeni kwa mkasi, kwani upepo hauachi jani la mgomba likiwa zima. Chini yake ning'iniza majani mawili matatu ya kahawia yaliyokauka, yakigusa shina. Kwa nyasi ndefu za kando ya njia tumia kamba ya katani: vipande vya milimita 10 vitakuwa nyasi za kufika kiunoni, na rangi yake ya asili inafaa vilevile kwa nyasi za kiangazi, bila kupakwa chochote.