Kapsuli ya pumu ya mikrogramu 12: ule unga mwingine ni wa nini?

*Swali: Yaya, salamu kutoka Katuba. Nasoma farmasia hapa Lubumbashi. Mama yangu ana pumu na hutumia zile kapsuli za formoteroli zinazotobolewa ndani ya kifaa, kisha unga unavutwa kwa pumzi. Juzi nilifungua moja nikaimwaga kwenye mizani ya maabara: miligramu 25. Boksi linasema mikrogramu 12. Unga mwingine wote huo ni nini, na kwa nini wasitie dawa tupu? Halafu, kapsuli zikikosekana, siwezi kusaga vidonge vya salbutamoli, ile dawa nyingine ya pumu, kwenye kinu, nikachekecha vizuri, mama akavuta? Nafikiria hata kuifanya TFC yangu, kazi ya utafiti ya kumalizia masomo.*

Mdogo wangu, nianze na hilo la mwisho, maana linaweza kumuumiza mama: usisage. Kidonge cha salbutamoli huwa na miligramu 2 au 4. Dozi ya unga wa kuvuta ni mikrogramu 200 hivi. Kwa hiyo kidonge kimoja cha miligramu 4 ni dozi ishirini, na wewe huna namna ya kujua ngapi zitashuka na ngapi zitabaki kooni. Tena kidonge si dawa peke yake. Kina wanga, kina gundi, wakati mwingine kina talki. Tumboni hayo yote hayana neno. Mapafuni talki haiyeyuki. Inakaa palepale na mwili unaijengea vinundu.

Na hata ungekuwa na salbutamoli safi, kinu hakikufikishi. Ukitwanga kwa subira mpaka mkono ufe ganzi, utapata chembe za mikromita makumi kadhaa. Mapafu yanataka kati ya 1 na 5. Unywele wa kichwa chako una kama 70, upate kipimo. Chembe kubwa kuliko 5 haiwezi kukata kona ya koo. Inakwenda moja kwa moja kama lori la shaba lililozidishwa mzigo, inagonga ukuta, inamezwa. Iliyo chini ya nusu mikromita inaingia, inazungukazunguka, mara nyingi inatoka tena na pumzi. Sisi wa Katanga vipimo hivi tunavijua bila kuvisoma. Vumbi la silika linalomharibu mchimbaji ni lile lile laini lisiloonekana kwa jicho, wala si lile linalomjaa kwenye nyusi. Mtu anayebuni unga wa dawa anafuata njia ya vumbi hilo, ila chembe yake lazima iyeyuke ikishafika.

Sasa turudi kwenye kapsuli ya mama. Ule unga mwingine ni laktozi, sukari ya maziwa. Gawanya: mikrogramu 25,000 kwa 12. Sehemu moja ya dawa ndani ya sehemu elfu mbili na zaidi. Ndiyo maana wagonjwa wengine huniambia dawa ina utamu mdomoni. Hawakosei.

Kwa nini wasitie dawa tupu? Sababu moja ni kwamba hakuna mashine ya kiwandani itakayojaza mikrogramu 12 peke yake kwenye kapsuli na isikosee. Lakini sababu nzito ni kunata. Nenda jikoni, uchukue sukari ya chai na unga wa bukari, yaani wa ugali. Inamisha kikombe cha sukari: inamwagika kama maji. Inamisha kikombe cha unga: unang'ang'ania, kisha unaanguka bonge zima. Ukipunguza kipenyo cha chembe mara kumi, uzito wake unapungua mara elfu, lakini nguvu inayoivuta kwa jirani yake inapungua mara kumi tu. Katika mikromita 3 uzito hauna sauti tena. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kushika kichupa cha dawa iliyosagwa kwa kipimo hicho. Nilikipindua juu chini, hakikutoa kitu. Nilikigonga mezani, ukaanguka uvimbe mmoja kama kipande cha chokaa, na uliobaki ukapanda ukutani mwa kichupa kwa umeme tuli. Unga wa namna hiyo ukiuvuta, hauvuti chembe za mikromita 3. Unavuta mabonge ya mikromita mia, nayo yanaishia kooni.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanadhani kazi ni kusaga. Kusaga kulishatatuliwa zamani: kuna kinu cha hewa, ambamo chembe zinapulizwa kwa kasi kubwa zikagongana zenyewe kwa zenyewe. Kazi yenyewe ni kuufanya unga unaonata usinate sana, na pia usiache kunata kabisa.

Laktozi ya kapsuli ya mama ina chembe kubwa, mikromita 50 hadi mia na kitu. Chembe ndogo za formoteroli zinashikamana nazo juu juu, kama vumbi la kiangazi kwenye majani ya mwembe. Mchanganyiko huo unamwagika vizuri, mashine inaupima, kapsuli zinalingana. Mama anapovuta kwa nguvu, hewa inautikisa, vumbi linaachia jani. Laktozi inagonga koo, dawa inaendelea. Ikishikamana kidogo mno, dawa inajitenga ndani ya boksi barabarani kabla haijafika dukani. Ikishikamana mno, inamezwa pamoja na sukari. Uso wa laktozi una mashimo na kona zinazong'ang'ania zaidi, kwa hiyo watengenezaji huongeza laktozi laini kidogo ikae kwenye kona hizo kwanza, au hupaka stearati ya magnesi, unga wa kulainisha unaopunguza kunata. Hata hivyo, kwa vifaa vingi vya unga sehemu inayofika mapafuni haizidi sana theluthi ya dozi.

Angalia pia nani anafanya kazi ya kuachanisha: ni pumzi ya mama. Kifaa hiki hakina gesi ya kusukuma. Ndiyo maana mwambie avute haraka na kwa kina tangu mwanzo, abane pumzi kama sekunde kumi, na asipulize ndani ya kifaa hata mara moja, kwa sababu pumzi inayotoka ina unyevu. Na formoteroli hiyo ni ya kila siku kwa ratiba ya daktari wake. Shambulio kali likimpata hana pumzi ya kuvutia unga, hapo anahitaji salbutamoli ya kupuliza yenye chombo cha nafasi, kile kichumba kinachokaa kati ya kopo la dawa na mdomo. Kikikosekana, usidharau chupa ya plastiki: watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya mililita 500 iliyotobolewa na kuzibwa vizuri iliwafaa watoto wenye pumu sawa na chombo cha dukani.

Njia ya pili ni kuachana na laktozi. Tobramisini ya unga, antibiotiki ya wagonjwa wa sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu kamasi nzito), dozi yake ni miligramu 112. Kwa uwiano wa kapsuli ya mama ungehitaji karibu robo kilo ya sukari kila mara! Kwa hiyo walibadilisha chembe yenyewe. Fikiria punje ya mahindi na bisi. Bisi ni kubwa kuliko punje, lakini irushe uone: inaelea, haifiki mbali. Chembe yenye matundu inafanya vivyo hivyo. Kipenyo kinachohesabika hewani ni kipenyo halisi mara kipeuo cha pili cha ujazito wake, yaani uzito wake kwa gramu katika kila sentimita ya ujazo. Chembe ya mikromita 10 yenye ujazito wa 0.1 hewani inajifanya ya 3.2. Na kwa kuwa ni kubwa na ina makunyanzi, inagusana na wenzake mahali pachache, hainati sana. Zinatengenezwa kwa kunyunyiza kimiminika kwenye hewa moto, kama yanavyotengenezwa maziwa ya unga. Ukitia leusini, aina ya asidi amino, inakimbilia juu ya tone na kuwa ganda la kuzuia kunata.

Maziwa hayo hayo yatakuonyesha udhaifu wake: acha kopo wazi mwezi wa kwanza, mvua za hapa zinavyonyesha, utapata mawe. Kapsuli itolewe kwenye kifungashio chake saa ile ile ya kutumiwa.

Kuhusu TFC, bila kinu cha hewa na bila kifaa cha kuchuja chembe kwa mkondo wa hewa, usiahidi unga wa mapafuni. Lakini kunata unaweza kukupima kwa silinda ya mililita 100. Jaza laktozi bila kuishindilia, igonge mpaka isishuke tena, usome. Ikishuka hadi 60, umepata asilimia 40, na unga wa namna hiyo haumwagiki. Kisha changanya stearati ya magnesi asilimia 1, rudia. Fanya mara moja Julai, mara moja Januari, kila mara uandike unyevu wa hewa wa siku hiyo.