Ukitoka Sinema, Usiulize Kama Ilikuwa Nzuri

Hakuna swali linaloua mazungumzo ya filamu upesi kama hili: "Ilikuwa poa?" Mmoja atajibu "poa sana," mwingine "ya kawaida tu," wa tatu atatoa alama, saba kwa kumi, halafu kila mtu anashika simu yake na kuanza kuwaza matatu ya kumrudisha nyumbani. Kazi ya mamia ya watu kwa miaka kadhaa imemalizwa kwa neno moja. Mimi napenda katuni za kisayansi kuliko filamu za aina nyingine yoyote, zile za maroboti, vyombo vya angani na miji ya karne ambazo bado hazijafika. Kwa miaka sasa nazitazama hapa Nairobi pamoja na kundi la marafiki na jamaa, na polepole tumejijengea namna yetu ya kuzizungumzia. Naandika kuihusu kwa sababu naamini kabisa kwamba nusu ya utamu wa filamu hizi unapatikana baada ya kutoka ukumbini, mkiwa na kikombe cha chai na mtu aliyeona alichokiona kwa macho yake.

Sisi huanza na swali la "Umeona nini?" Sharti ni moja tu: taja kitu, hukumu ingoje. Kitu chenyewe kinaweza kuwa kidogo sana. Kivuli ukutani. Mlango uliofunguka kabla haujaguswa. Ile sekunde muziki ulipokatika ghafla. Kwa katuni, sharti hili lina maana ya pekee. Filamu ikipigwa kwa kamera barabarani, paka anaweza kukatiza na kuingia kwenye picha bila yeyote kupanga. Kwenye katuni hakuna paka anayepita kwa bahati. Ukimwona, jua kuna aliyeamua awepo, kuna aliyemchora au kumuunda kwa kompyuta, kuna aliyechagua mwanga umpige upande gani, na kuna aliyemtafutia sauti ya nyayo zake. Filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde, yaani picha 1,440 kwa dakika moja tu, na filamu ya dakika 90 inafika picha 129,600. Kwa hiyo mtu akiuliza mbona ukuta ule ulikuwa na kutu, msimcheke. Kuna aliyeketi akaifikiria kutu ile.

Chukua The Wild Robot ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Chris Sanders kutoka kitabu cha Peter Brown. Ni habari ya roboti anayeitwa Roz, anayejikuta kwenye kisiwa chenye wanyama tu, bila binadamu hata mmoja wa kumtuma kazi. Wengi wetu tulikwenda kwa ajili ya Lupita Nyong'o, ambaye ndiye sauti ya Roz, na ningeweza kutabiri mazungumzo yetu yangekuwaje kama tungeanza na "poa" au "si poa." Tungesifu Lupita wetu, tukaagiza chai, basi. Lakini tulipozunguka meza kila mtu akitaja kitu, binamu yangu anayefanya kazi ya kupokea simu za wateja alisema amesikia sauti ya kazi. Tukamtaka aeleze. Akasema mwanzoni Roz anaongea vile yeye mwenyewe hulazimika kuongea kuanzia saa mbili asubuhi: changamfu, safi, sauti ya mtu asiyeruhusiwa kuchoka. Halafu, kidogo kidogo, sauti ile inashuka, inapata pumzi, inaanza kusita. Alituonyesha ni katika matukio gani hasa aliusikia mgeuko. Mimi nilikuwa nimeisikia sauti hiyo hiyo bila kuielewa, na hakuna mhakiki wa ng'ambo ambaye angenieleza kama alivyonieleza msichana anayeijua kwa koo lake.

Shangazi naye alikuwepo. Alichokitaja ni pale Roz anapoketi mahali pamoja na kuwasikiliza wanyama, muda unapita, mpaka kelele zao zinageuka kuwa maneno anayoyaelewa. Shangazi alifika Nairobi akijua lugha ya Ekegusii peke yake, akaanza kuuza nguo kwenye soko la Gikomba. Akatuambia, "Mimi nilijifunza Kiswahili hivyo. Nilikaa nyuma ya mzigo wa nguo, nikanyamaza, nikasikiliza wanavyogombana bei." Meza nzima ilinyamaza kidogo kisha maswali yakaanza, si ya filamu tena bali ya Gikomba ya wakati huo, na baadaye tukarudi kwenye filamu tukiwa na macho mengine. Hapo ndipo ninapokusihi ulete maisha yako mezani. Kuna dhana kwamba filamu ya sayansi inataka mjuzi wa sayansi, na kwamba asiyejua mambo ya kompyuta hana la kusema. Sikubali. Roboti yeyote kwenye katuni amewekwa pale ili aulize jambo la kibinadamu: nani anafanya kazi, nani anaamrisha, nani ni mgeni, na mgeni anapokelewaje. Kwa maswali hayo Nairobi ina wataalamu kila kona.

Rafiki yangu mmoja anaishi Kangemi na kazi yake iko Industrial Area. Kila siku anapita chini ya nguzo za ile barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Tulikuwa tumetazama katuni yenye jiji la siku zijazo, magari yanaelea ghorofa kwa ghorofa, na wengi tulikuwa tumependezwa na mataa. Yeye akasema: "Mimi nimekuwa nikitafuta mahali pa kuvukia. Jiji zima, hakuna kivukio hata kimoja. Watu wa chini wanapita wapi?" Tangu siku hiyo, mji wowote wa kesho ukionyeshwa kwenye skrini, mimi natazama chini kwanza. Natafuta mama mboga. Natafuta kituo. Wakati mwingine waliotengeneza filamu wamewaza hayo na utawaona pembeni kabisa ya picha, wadogo, wakiendelea na shughuli zao. Wakati mwingine hawapo, na kutokuwepo kwao ni jambo la kuzungumziwa kwa kirefu.

Kutoelewana kutakuja, na kuje. Lakini mwenzako akisema "ilinichosha," usimwambie hajaelewa. Mwambie, "Nionyeshe wapi." Hayo maneno mawili yametuokoa kwenye ugomvi mwingi. Aliyechoshwa analazimika kurudi kwenye filamu na kutafuta mahali, na mara nyingi akipapata unagundua hata wewe ulipepesa macho pale pale, ila ulisamehe kwa sababu ya mapenzi. Vivyo hivyo anayesema "ni filamu bora ya mwaka" aonyeshe wapi. Sifa isiyo na mahali haimsaidii mtu, na wanaopenda sana kitu wanapaswa kuwa tayari kukitetea tukio kwa tukio.

Sasa kuhusu kuwaharibia wengine uhondo, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Tiketi ya sinema jijini si pesa ya kuokota, na ukiongeza nauli ya kwenda na kurudi, kuna wengi wanaopenda filamu hizi kuliko wewe lakini hawataziona wiki ya kwanza, wala mwezi wa kwanza. Wanangoja. Kumwaga mtama mbele yao kwa sababu wewe ulikuwa na pesa mapema ni ukosefu wa adabu. Sisi huuliza kabla ya kuketi: nani hajaona? Kama yupo, tunazungumzia nusu saa ya kwanza tu, pamoja na rangi, sauti na michoro, mambo ambayo hayafichui mwisho. Na amini, nusu saa inatosha kujaza alasiri nzima. Akishaiona naye, tunakutana tena, na zamu yake ya kusema inakuwa ya kwanza.

Jambo jingine ni kujua uko wapi. Nairobi tuna utamaduni mkubwa wa kuzungumza na filamu ikiendelea. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanamjua DJ Afro, anayesimulia filamu za nje kwa Kiswahili chake na kuwapa wahusika maneno ambayo hawakuyasema, na watu wanaitikia kwa vicheko na mayowe. Napenda hilo kwa moyo wote. Ni kuitikia filamu papo hapo, pamoja. Ila ukumbi wa Sarit au Garden City una desturi nyingine, na katuni nyingi hujenga jambo lao kwa ukimya mrefu ambao mtu mmoja anaweza kuuvunja kwa sentensi moja. Maneno yako yaweke moyoni mpaka taa ziwake.

Watoto wapewe nafasi, tena wasiulizwe "umefurahi?" Waulizwe roboti alikuwa anaogopa nini. Mpwa wangu mdogo alinipa jibu la swali hilo ambalo bado linanifanyisha kazi: kwamba roboti hakuogopa kuharibika, aliogopa kutumwa kwa mtu mwingine. Lakini kabla ya kumchukua mtoto, angalia alama ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya. GE ni kwa wote, PG inataka uongozi wa mzazi, kisha kuna 16 na 18. Wazazi wengi huona katuni wakadhani ni ya mtoto, ilhali Japani imekuwa ikitengeneza katuni za watu wazima zenye miji iliyobomoka na mashine za vita tangu miaka ya 1980, na baadhi zitamnyima mtoto usingizi.

Kabla ya filamu tunasimama wote kwa wimbo wa taifa. Filamu ikiisha, karibu hakuna anayengoja majina ya walioitengeneza, na hilo linanisikitisha. Ngoja. Yasome. Utaona idara ambazo hukujua zipo: wa mwanga, wa nywele na manyoya, wa maji. Kijana aliyeketi nawe anayechora pembezoni mwa daftari anahitaji kuona kwamba hizo ni kazi za watu. Mwambie pia kuhusu Kizazi Moto, mkusanyiko wa mwaka 2023 wa filamu fupi 10 za Kiafrika za aina hii hii, ambamo Mkenya Ng'endo Mukii aliongoza ile iitwayo Enkai. Na kama atasema vifaa ni vya matajiri, mkumbushe kwamba Oscar ya filamu ndefu ya katuni mwaka 2025 ilikwenda kwa Flow kutoka Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta inayoweza kuibeba anaweza kuipakua. Siku hiyo The Wild Robot, pamoja na uwezo wote wa Hollywood, ilikuwa miongoni mwa zilizoshindwa. Mpwa wangu mkubwa alipoyasikia hayo hapo mezani, aliuliza Blender ni gigabaiti ngapi kabla hajamaliza chapati yake.

Mwisho, panga saa. Tukienda onyesho la saa mbili usiku, tukitoka nauli imepanda, vibanda vinafungwa, na kila mtu anakimbilia kituo na fikira zake zikiwa mbichi. Chukua onyesho la saa nane mchana. Mtatoka kwenye saa kumi, mteremke mpaka kibanda chenye benchi, nanyi mna saa mbili kabla ya giza. Asiyekuwa na pesa ya tiketi mwambieni aje moja kwa moja kibandani saa kumi na nusu, na mmuulize yeye kwanza angependa kujua nini.