Gemu mchana, kuchimba usiku? Mdogo wangu, sikiliza hesabu

Wiki iliyopita mdogo wangu aliyeko Morogoro kanitumia picha ya boksi la RTX 5060, kadi ya grafiki ya Nvidia, na chini yake swali: "Kaka, nikichukua hii, mchana nacheza gemu, usiku naiacha ichimbe sarafu za kidijitali. Si itajilipa yenyewe?"

Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Mwaka 2021 nilijiuliza swali hilohilo, nikajijibu ndiyo.

Wakati ule nilikuwa na RX 580 ya GB 8, kadi ya AMD, mtumba wa Kariakoo. Sarafu ya Ethereum ilikuwa bado inachimbwa kwa kadi za grafiki, yaani kadi inafanya hesabu za mtandao wa sarafu na wewe unalipwa kwa sarafu hiyo, na yangu ilikuwa inaingiza kama dola mbili kwa siku. Nikajiona nimeshatoka kimaisha. Aliyenizindua ni mama. Nyumbani tulikuwa tunatumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo tulinunua umeme kwa bei ya watumiaji wadogo, kama shilingi 122 kwa uniti. Kompyuta yangu ikichimba ilivuta wati 180 hivi, usiku na mchana. Piga hesabu: uniti 4 na ushei kwa siku, uniti 130 kwa mwezi. Tukapandishwa daraja, uniti ikawa zaidi ya shilingi 350, na bei hiyo haikubagua: friji, pasi, taa ya uani, vyote vikaanza kulipiwa hivyo kwa ajili yangu. Mama akaja na risiti ya LUKU, akasimama mlangoni. Ndani feni zinanguruma, joto limenifanya nilale mlango wazi, Dar ya Desemba mnaijua. Akaniambia, "Hiki kidude chako kinakula kuliko friji, na wala hakigandishi maji."

Nisidanganye, faida bado ilikuwepo hata baada ya kulipa umeme wote. Iliyonikata ni tarehe 15 Septemba 2022, siku Ethereum ilipobadili mfumo na uchimbaji wake ukafa. Jioni kadi ilikuwa na kazi, asubuhi haina. Bitcoin nayo ilishawaacha wenye kadi za grafiki miaka mingi kabla, inachimbwa kwa mashine maalumu zisizofanya kitu kingine chochote. Sarafu zilizobaki, hizi ndogondogo, kwa kadi moja zinalipa senti za dola kwa siku. Dogo akichimba saa nane kila usiku kwa wati 150, ni uniti 36 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 12,000 kwa bei ya kawaida. Anamlipa nani hapo?

Kuna jambo wengi hawalijui: hata enzi zile, kadi nzuri kwa gemu haikuwa lazima iwe nzuri kwa kuchimba. Ethereum ilitaka memori inayopitisha data kwa kasi. RX 580 iliyotoka 2017 inapitisha GB 256 kwa sekunde. RX 6600 XT iliyotoka Agosti 2021 inapitisha GB 256 vilevile, kwa hiyo kwenye kuchimba zilikaribiana sana, za zamani na mpya. Kwenye gemu, ile mpya iliiacha ya zamani mbali, kwa sababu ina MB 32 za akiba ndani ya chipu, na gemu huzitumia vizuri. Faili la kuchimbia lilikuwa na GB kadhaa, haliwezi kuenea humo. Mchimbaji aliyelipia ile kadi mpya alilipia kitu asichokitumia. Nvidia nao, RTX 3060 ilipotoka Februari 2021, waliifunga makusudi ichimbe Ethereum kwa nusu ya uwezo ili wacheza gemu wazipate. Mwezi uliofuata wakatoa draiva (programu inayoendesha kadi) ya majaribio iliyoifungua kwa bahati mbaya. Wachimbaji walisherehekea kama timu yao imefunga dakika ya tisini.

Kwa hiyo dogo, nunua kama mcheza gemu tu. Na kama mcheza gemu, nina shaka na hiyo 5060. GB 8 za memori kwa gemu zinazotoka sasa ni nguo ya kubana, na kadi yenyewe inatumia njia 8 tu badala ya 16 kuongea na bodi. Kwenye bodi ya zamani kama yako, memori ikijaa utaona picha inakwama-kwama. RX 9060 XT ya GB 16 ilitangazwa kwa dola 349, dola 50 tu juu ya 5060. Mimi ningesubiri mwezi mmoja zaidi nichukue hiyo.

Mtumba uliotoka kwa wachimbaji usiukimbie, ila usiupokee ukiwa umefungwa kwenye nailoni. Yangu ilikuja na BIOS, ile programu ya ndani ya kadi, iliyochezewa, Windows ikaweka alama ya njano na draiva ikagoma hadi fundi alipoirudisha ya kiwandani. Nilipofungua GPU-Z, programu ya kuonyesha sifa za kadi, nikakuta ina viini 2048. RX 580 kamili ina 2304. Nililipia kaka mtu, nikapewa mdogo mtu. Muuzaji awashe gemu nzito nusu saa mbele yako, wewe sikiliza feni, kisha mulika tochi ya simu pembeni ya chipu uone kama kuna mafuta yanayovuja.

Kabla ya yote hayo nilimwambia afungue kava la kompyuta yake, ile ya ofisi ya mtumba, anipigie picha ya pawasaplai. Jana kaituma. Wati 240, na waya wa pini 8 wa kuipa kadi umeme haupo.