Kabla hujanunua dawa ya mwani

Wafugaji wenzangu wa matumbawe, tunaoyaweka nyumbani kwenye matangi ya maji ya chumvi hapa Nairobi, wakikutana, swali halikosi: niweke dawa gani huu mwani uishe? Mimi humrudishia mtu swali jingine. Hayo maji unayojazia tangi unayatoa wapi?

Sisi tuko karibu kilomita 480 kutoka Mombasa, kwa hiyo bahari zetu tunazikoroga wenyewe, chumvi ya mfuko na maji yasiyo na chumvi. Maji mengi ya mfereji hapa hutoka bwawa la Ndakaini na hutiwa klorini. Mitaa mingine hutegemea visima, na vingi vina floridi nyingi pamoja na madini mengine. Hata maji unayoweza kuyanywa huwa na madini, na tangi halina pa kuyatoa. Kila siku maji huvukia, hasa Januari na Februari hewa ikiwa kavu, na kinachovukia ni maji matupu. Fosfati na silika, mbolea ya mwani, hubaki. Ukijazia tena kutoka mferejini, umeongeza nyingine juu ya zile za jana.

Maji ya vibanda vya mtaani huwa yamechujwa kwa mtambo wa RO, unaoyasukuma kwenye utando mwembamba, ila wauzaji wengine huyarudishia madini ili yawe na ladha. Nunua kipimo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka majini, kile kidogo kama kalamu, uende nacho kibandani. Nyumbani, maji yakishapita kwenye resini, zile chembe zinazonasa madini yaliyobaki, yasome 0. Namba ikianza kupanda, resini imekwisha, hata kama ni juzi tu uliinunua.

Chakula cha samaki ndicho mlango wa pili wa mbolea hiyo. Chukua kipande cha uduvi wa barafu, kiyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, kisha mimina juu ya chujio la chai. Angalia hayo maji ya rangi ya waridi yanayobaki chini: samaki hawezi kuyala, ni mbolea tupu. Yamwage kwenye sinki. Na ukienda ushago Krismasi, mpimie anayebaki nyumbani chakula cha kila siku kwenye vikaratasi. Usimwachie mkebe. Watu wana huruma sana na samaki wa wengine.

Mwani uliokwisha kuota, ung'oe kwa mkono. Unapobadilisha maji, shika mswaki mkono mmoja na mpira wa kunyonyea mkono wa pili, mdomo wa mpira ukigusa brashi, ili nyuzi zinazokatika zinyonywe hapo hapo. Ukisugua bila kunyonya, vipande vitaelea na kuotea kwenye mawe mengine.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Unapima fosfati, unapata karibu na sifuri, na mawe yamejaa nyasi za kijani. Kipimo hakijaharibika. Mwani unaila fosfati kabla hujaipima, na ukiung'oa ndipo utaona hali halisi. Mimi huridhika na nitrati ya sehemu kati ya 2 na 10 kwa milioni, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1. Usifukuzie sifuri kwa kumimina ovyo chembechembe za oksidi ya chuma, zile zinazonasa fosfati. Virutubisho vikiisha kabisa, hufuata dinoflagelati, vijidudu vinavyofanya kamasi ya kahawia yenye viputo ambayo aina zake nyingine huua konokono, na utatamani ule mwani wako wa kijani. Utando mwekundu unaochunika kama ngozi ni bakteria. Huo huota zaidi mahali maji yanapotulia, kwa hiyo elekeza pampu hapo.

Kwa wanyama wa kula mwani, konokono wa Trochus ananifaa kuliko Turbo kwa sababu akianguka chali hujigeuza mwenyewe. Tafi, samaki wetu wa pwani, hula mwani kwa pupa, lakini hupita sentimita 30 na miiba yake ina sumu, hivyo tangi dogo halimfai. Na ukiwa likizoni usijiokotee konokono kwenye hifadhi za taifa za bahari za Malindi au Watamu. Kutoa chochote humo ni marufuku.

Sasa hiyo dawa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji ya huku hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Ukiua mwani wote kwa mkupuo, unaoza ndani ya tangi na kumaliza hiyo kidogo iliyopo. Stima ikipotea usiku huo, asubuhi utaokota samaki.

Nitakubali dawa kwa aina moja tu ya mwani, Bryopsis. Chomoa uzi mmoja uuweke juu ya sahani nyeupe yenye maji: ukiona umbo la unyoya, wenye vijitawi pande mbili, ndio huo, na konokono wengi hawaugusi. Flukonazoli, dawa ya fangasi ya duka la dawa, huumaliza polepole. Kipimo cha kawaida ni karibu miligramu 5 kwa lita. Ondoa mkaa kwenye kichujio, zima skima (mashine ya povu inayotoa uchafu) siku za mwanzo, na weka pampu ya hewa ya betri ikiwa tayari kando ya tangi.