Maswali na majibu: Rangi ya msimu

Swali: Kila Desemba husikika kwamba rangi ya mwaka ujao imetangazwa. Ni nani anayeitangaza, na kwa mamlaka gani? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Tangazo hilo hutolewa na Pantone, kampuni ya Marekani ambayo riziki yake ni kuuza vitabu vya sampuli za rangi zenye namba, ili mbunifu aliye Milan na mwenye kiwanda aliye China waelewane bila kutumiana vipande vya nguo. Ilianza na samawati kwa mwaka 2000. Mwaka 2023 ikawa majenta, 2024 pichi iliyofifia, 2025 kahawia ya moka, na 2026 nyeupe, uteuzi ambao kwangu ni uvivu uliovaa joho. Mamlaka hawana yoyote. Wenye uzito zaidi ni watabiri wa rangi wasiojulikana sana, kama jopo la Intercolor lililoundwa mwaka 1963, ambao hupanga rangi takriban miaka miwili kabla ya nguo kufika dukani, kwa kuwa uzi sharti utiwe rangi, ufumwe na kushonwa kwanza. Viwanda vingi vikishafuata mwelekeo mmoja, mnunuzi hukuta rangi tatu au nne zimejaa kila duka, naye hudhani kwamba amezichagua mwenyewe.

Swali: Majarida yanasema maruni na kahawia ni rangi za Oktoba, ilhali hapa Dar es Salaam Oktoba ndipo joto linapoanza kupanda. Nifuate? (Msomaji, Temeke)

Jibu: Usifuate tarehe. Maonyesho ya New York, London, Milan na Paris ya Februari na Machi huonyesha nguo za majira ya kupukutika majani na ya baridi huko kaskazini, na yale ya Septemba na Oktoba huonyesha za majira ya joto yajayo. Kwako kipupwe ni kati ya Juni na Agosti, na hapo ndipo damu ya mzee na kahawia nzito zinapopendeza. Ni kweli kwamba kitambaa cheusi hufyonza joto la jua zaidi, lakini pamba nyeusi iliyopwaya ina nafuu kuliko poliesta nyeupe iliyobana.

Swali: Je, kanga nazo zina rangi ya msimu? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Nyingi hubadilika kwa kila shehena mpya. Kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kimevalisha maharusi wa pwani vizazi kwa vizazi bila kungoja tangazo la mtu.

Swali: Kamati ya sendofu ya mdogo wangu imechagua kahawia ya moka iwe sare. Mimi ni maji ya kunde na rangi hiyo inanipoteza kabisa. Nifanyeje bila kuwaudhi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Dada yangu, rangi inayokaribiana na ngozi humezwa nayo, hasa ikikaa shingoni. Mwombe fundi aitumie moka kwenye sketi, na sehemu ya juu aiwekee kola au lesi ya krimu, au ujifunge kilemba cha rangi ya dhahabu iliyoiva. Sare itabaki sare, na uso wako utaonekana. Jambo jingine, ambalo kamati nyingi hulisahau, ni kununua kitambaa chote cha sare kwa siku moja na kutoka jora moja, kwa sababu majora mawili yaliyotiwa rangi kwa nyakati tofauti huachana kidogo hata yakiwa na namba ileile. Msiridhike na taa ya duka pia: vitambaa vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti huweza kufanana chini ya taa na kutofautiana vibaya juani. Vitoeni nje mvilinganishe, kisha mvitazame tena chini ya taa za njano, maana sendofu nyingi hufanyika usiku, na chini ya taa hizo moka huelekea kwenye rangi ya ugoro. Kama ukumbi wenu una taa za namna hiyo, ishauri kamati iongeze weusi kidogo katika kahawia hiyo kabla haijalipa arubuni.